Vichwa Viwili vya Mkanda

Ulianza kama uchovu wa kazi. Mwaka ule wa mvua za Elnino nilikuwa navuta kamba kwenye shimo moja la dhahabu, si mbali na Segese tulikokuwa tunaishi. Wenzetu walikuwa chini wakijaza mawe kwenye viroba, sisi wawili juu tukivivuta. Mtu akivuta kamba kutwa lazima mbavu zimuume, kwa hiyo maumivu yalipoingia upande wa kushoto, chini kidogo ya bega, sikujiuliza yametoka wapi.

Siku ya pili yakabadilika. Hayakuwa tena maumivu ya msuli. Ilikuwa kama mtu ameniwekea pasi ya mkaa, si juu ya ngozi bali chini yake, na kila nilipovuta pumzi aliisogeza kidogo. Shati likigusa pale, nilisikia miiba. Nilijitazama, sikuona kitu. Ngozi ilikuwa safi kama ya mtu mzima wa afya. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza, kabla ya mengine yote: kwamba kitu kinaweza kuwaka namna ile ndani ya mtu na nje kusiwe na hata alama.

Siku ya nne asubuhi nilikuwa nimevua shati najimwagia maji nyuma ya nyumba. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la saba, akaja na ndoo ya pili. Akanitazama mgongoni, akaiweka ndoo chini.

"Kuna nini?"

"Vipele."

"Vingi?"

"Vimejipanga," akasema.

Tulikuwa tumeviona vipele vilivyojipanga kabla ya hapo, katika nyumba ile ile, kwenye mwili wa mama yetu.

Jina lake kila mtu alilijua: mkanda wa jeshi. Huanzia mgongoni, ukazunguka mwili kama mkanda wa askari. Watu walisema una vichwa viwili, kimoja kinatambaa kwa nyuma na kingine kwa mbele, na siku vichwa vinapokutana, mwenye mwili anazikwa. Miaka ile likaongezeka jambo la pili, lililosemwa kwa sauti ya chini: kwamba mkanda ni tarishi wa ugonjwa ule. Hatukuwa tunautaja. Tulisema ugonjwa ule, na kila mtu alielewa. Baba alikufa, mwaka na nusu baadaye mama naye akafuata, na mama alikuwa amepata mkanda miezi michache kabla ya mwisho, upande wa kulia. Kama vichwa vilikutana au havikukutana sijui. Walipomwosha, wanawake walinitoa nje.

Tulibaki watatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, huyu wa darasa la saba alikuwa na kumi na minne, na kulikuwa na wa mwisho, wa kike pia, aliyekuwa hajafikisha mitano. Mimi shule niliiacha darasa la sita, baba alipoanza kulala zaidi ya kukaa. Kwetu hasa ni Kishapu, kwenye pamba na ng'ombe; huku kwenye dhahabu baba ndiye aliyetuleta. Kwenye matanga ya mama wazee walikaa kutugawa. Huyu mkubwa angekwenda Kishapu kwa baba mdogo, mdogo wake baba. Yule mdogo angekwenda Shinyanga mjini kwa mama mdogo. Mimi nikasema wote watabaki na mimi. Baba mdogo akasema sawa. "Lakini maadamu una nguvu. Siku ukishindwa, nitakuja kuwachukua." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo mtu mzima anavyopaswa kusema. Nilijua pia kwamba Kishapu msichana wa miaka kumi na minne hamalizi shule, anasubiri ng'ombe wa mahari.

Kwa hiyo asubuhi ile, nikiwa nimesimama na maji yananichuruzika, sikufikiria kufa kwanza. Nilifikiria kwamba nisipoenda kazini siku mbili, watu watauliza.

Nilikwenda. Nilivuta kamba mpaka jua likafika utosini, kisha mikono ikakataa. Niliyekuwa navuta naye akanifunua shati bila kuniomba ruhusa, akapiga mluzi. Ndani ya muda mfupi nilikuwa na madaktari wanane.

"Huyu kaitwa kikosini," alisema mmoja.

"Mafuta ya breki," alisema mwingine, mtu wa Tanga. "Unapaka asubuhi na jioni. Kwetu ndiyo dawa."

"Kwenu mnapaka hata kwenye wali."

"Dawa ya mswaki inapoza."

"Unga wa betri. Unapasua betri ya redio, ule mweusi."

Aliyesikilizwa ni mzee wa kazi, aliyekuwa akiosha mchanga na kukamatisha dhahabu. Alitoa mfukoni chupa ndogo iliyokuwa na dawa ya sindano zamani, sasa ina zebaki. "Hiki," alisema, "kinaingia kwenye karai la matope na kukusanya dhahabu usiyoiona kwa macho. Chembe chembe zote zinakuja zenyewe. Hivi vipele ni nini? Ni chembe. Kitavikusanya."

Ukiwa hujakaa kwenye machimbo utacheka. Sisi hatukucheka. Tulikuwa tumeona zebaki ikifanya kazi kila siku, tukaona vumbi lisilo na thamani likigeuka kidonge kizito cha rangi ya fedha, na hakuna aliyeweza kutueleza inavyofanya. Kitu kinachojua kutafuta kisichoonekana kitashindwa nini? Nilichukua chupa, nikaenda nayo nyumbani mkononi, nikishangaa uzito wake.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja Msumbwa, mjane, aliyetufundisha mambo mengi baada ya mama kuondoka, kwa matusi zaidi kuliko kwa maneno mazuri. Mdogo wangu alikuwa ameshamwita. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni kwetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Vua. Hicho mkononi nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulizoea.

"Kinakamata dhahabu?"

"Ndiyo."

"Kikishakamata mnafanyaje?"

"Tunachoma, ili zebaki itoke, dhahabu ibaki."

"Na wewe watakuchoma?" Akanyoosha mkono. "Lete hapa. Karudishe kesho, mwambie bibi amesema akapake mama mkwe wake."

Kisha akanigeuza mgongo, akapima. Alitumia shubiri, yaani kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Vipele vilianzia kwenye uti wa mgongo na vilikuwa vimefika chini ya kwapa; kwa mbele kilikuwa kimetokea kikundi kingine chini ya titi. Alihesabu pengo lililobaki kwa kunong'ona. Baadaye nilikuja kuona kitu cha kuchekesha, kwamba alinipima kwa shubiri na kunitibu kwa shubiri, maana alitoka akarudi na majani manene ya shubiri mwitu, yale yenye miiba pembeni. Aliyapasua kwa kisu, akanipaka ute wake. Ute ulikuwa wa baridi. Kwa muda wa kupumua mara ishirini, ile pasi ilizimwa, na nilihisi machozi yakinitoka, si kwa maumivu bali kwa mshangao wa kutoyasikia.

Halafu akafanya jambo alilosema ndilo kubwa. Aliloweka udongo mweupe kwenye kifuu, akachovya kidole, akanichora mstari mmoja kutoka shingoni hadi kiunoni, katikati kabisa ya mgongo. Akanigeuza, akachora mwingine kutoka koo hadi kitovu.

"Huu ni mpaka," alisema. "Upande huu ng'ombe wameshaingia, wamekula. Upande huu ni ngitili." Hata yeye asiye Msukuma alilitumia neno hilo la Kisukuma, la malisho yanayowekewa mwiko mpaka kiangazi. "Kila asubuhi mdogo wako aupake upya. Ukifutika na kichwa kikavuka, usiniite."

Mdogo wangu aliupaka upya kila asubuhi kabla ya shule. Na nieleze nilichokiona kama kilivyokuwa. Siku ya tatu ya udongo vipele vilikuwa vimejaa maji, vimeshikana kama zabibu, vinawaka. Vilikuja mpaka kwenye mstari wa mgongoni. Vilisimama. Mbele navyo vilikuja, vikakaribia mstari wa kifuani, vikasimama. Upande mmoja wa udongo ngozi ilikuwa kama shamba lililoungua, upande wa pili haikuwa hata na kipele cha joto. Mdogo wangu alipitisha kidole hewani, bila kunigusa, akifuata ukingo. "Ni kama umechorwa na rula," alisema. Wote wawili tuliogopa kusema kwa sauti kubwa.

Bibi hakuridhika. Mstari unazuia, alisema, lakini hauondoi. Mkanda wa jeshi hufunguliwa na mtu aliyevaa mkanda wa jeshi, akaenda nao vitani, akarudi nao hai. Na mtu wa namna hiyo pale kwetu alikuwa mmoja. Tulimwita Afande. Alikuwa na hoteli ya chapati na maharage karibu na mashine ya kusaga, na kweli mkanda wake alikuwa anauvaa kila siku, wenye bizimu la shaba lililochakaa.

Alikuja mchana, ananukia vitunguu, hana raha.

"Bibi, nilishakueleza. Mimi kwenye vita ya Uganda nilikuwa mpishi."

"Mkanda ulivaa, hukuvaa?"

"Nilivaa."

"Kiunoni au kwenye sufuria?"

Mdogo wangu akaziba mdomo. Afande akanitazama mimi, kama ninaweza kumsaidia.

"Ulikwenda, hukwenda?" bibi akaendelea.

"Nilikwenda."

"Umerudi, hujarudi?"

"Si nimesimama hapa."

"Basi mfungue mtoto."

Akavua mkanda. Suruali ikabidi aishike kwa mkono wa kushoto. Alinizungushia mkanda kwa mbali, bila kugusa ngozi, na ncha zake mbili akazileta mbele yangu. Bibi alisimama karibu kuhakikisha hazigusani. Afande alifikiri. Nadhani alikuwa anatafuta neno la kusema, maana hakuna aliyemfundisha. Kisha uso wake ukabadilika, akasimama wima na suruali yake mkononi, na kwa sauti ambayo sikuijua, sauti ya gwaride, akaamuru:

"Tawanyika."

Akaachia ncha. Akafanya hivyo mara tatu. Yule wa mwisho, aliyekuwa ameketi chini na kopo lake la maji, alicheka mpaka akalimwaga. Mimi sikucheka. Neno lile liliniingia. Kwa siku nyingi nilikuwa nimelala na kitu kilichojipanga mwilini mwangu, na alikuwa ametokea mtu mwenye mamlaka ya kukiambia kiende nyumbani.

Baada ya kuvaa mkanda wake Afande alichuchumaa, akatazama vidonda kwa karibu, sasa kama mpishi.

"Sikiliza, kijana. Mimi nimeungua na mafuta ya moto mara nyingi kuliko hao waliopigana. Hiki kidonda ni kama cha moto. Usikiwekee unga, usikiwekee mafuta ya gari. Maji yaliyochemshwa, yakapoa. Kitambaa safi, unaloweka, unaweka juu, kikipata joto unabadili. Usitumbue. Na ulale juu ya jani la mgomba, halishiki ngozi."

Majani ya mgomba yalitoka Geita, kwa wanawake walioleta ndizi sokoni. Kitambaa kilikuwa khanga ya mama tuliyoichana vipande vinne. Kazi ya vitambaa aliichukua yule wa mwisho. Hakuna aliyempa. Kutwa nzima alikaa kando yangu na beseni, analoweka, anakamua kwa vidole vyake vidogo, anaweka, anasubiri, anagusa kama kimepata joto, anabadili. "Kimeiva," alikuwa akisema, kama anapika mihogo.

Siku ya tisa tangu vipele vitokee, baba mdogo akaingia na begi lake, ametoka Kishapu kupitia Shinyanga na Kahama, matope mpaka magotini. Tuliamkiana. Aliketi, akanywa maji, akasema, "Nimepata barua."

Nilidhani ni majirani. Mdogo wangu akasema kutoka mlangoni, "Niliandika mimi."

Sikuweza kumkasirikia. Alikuwa ameandika maneno machache, baba mdogo alinionyesha: Kaka ana mkanda kama wa mama. Alikuwa na miaka kumi na minne, alikuwa ameogopa, na ndiye peke yake nyumbani aliyejua kuandika barua vizuri.

"Nionyeshe," alisema baba mdogo.

Nikavua. Alizunguka nyuma, akarudi mbele. Alikaa chini tena. "Nitasubiri," alisema. Hakusema anasubiri nini. Tulijua wote: vichwa vikutane, au visikutane. Vikikutana atanizika na kuondoka na mmoja mkononi, na yule mdogo atamwacha njiani, Shinyanga kwa mama mdogo. Visipokutana, bado ulikuwepo ugonjwa ule, ambao hauna haraka. Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuogopa, msichana mmoja aliyekuwa akiuza uji kule mashimoni, ambaye sikumtaja kwa mtu.

Siku mbili baadaye mvua ikaikata barabara ya Kahama. Basi halikuja, lori halikuja. Baba mdogo akawa mfungwa kwetu. Alikuwa mtu wa kazi, hakuweza kukaa. Alichimba mfereji kuzunguka nyumba, akaziba paa, akaenda mwenyewe kuniombea nafasi yangu isichukuliwe kazini. Lakini pia alizungumza na mdogo wangu kuhusu nguo gani abebe, na kuhusu shule alisema, "Kule nako kuna shule," kwa sauti ya mtu ambaye hajaiona. Usiku mdogo wangu aliacha kusoma. Vitabu vilikaa kwenye boriti, baba mdogo alikovipandisha alipokuwa anaziba paa. Nikamwambia nitamshushia. "Vya nini?" akauliza.

Vidonda vyangu vilianza kukauka. Vilitawanyika kwa kweli, kimoja kimoja, vikawa magamba meusi. Maumivu hayakupungua, yalibadilika tu, yakawa kama umeme unaopita ghafla. Lakini nilisimama, nikapika, nikachota maji kwa mkono wa kulia. Baba mdogo aliniangalia, akaendelea kusubiri. Mama yetu naye alikuwa ameamka baada ya mkanda wake. Alipika na kuchota maji kwa miezi kadhaa.

Ndipo yule wa mwisho akaamka na homa. Mchana akatokwa na vipele tumboni. Jioni vilikuwa usoni, kichwani ndani ya nywele, mgongoni, kote, kila kimoja na tone la maji juu yake.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka kama wa baba mdogo saa ile. Alisimama katikati ya chumba, akamtazama mwanangu yule, nasema mwanangu kwa sababu ndivyo alivyokuwa, akanitazama mimi. Mawazo yake niliyasoma kwa kuwa yalikuwa yangu pia: kwamba kile kilichokuwa kwa mama, kikaja kwangu, sasa kimehamia kwa mtoto, na chake hakina hata mpaka.

Mdogo wangu alikimbia kwa bibi. Bibi akaja analalamika juu ya matope. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuza huku na huku, akamwangalia mdomoni.

"Huyu ana tetekuwanga," alisema.

Sote tukamkodolea macho.

"Mmekuwa mabubu? Tetekuwanga. Hamjawahi kuona?"

"Ameitoa wapi?" aliuliza baba mdogo. "Hapa hakuna mtoto mwenye tetekuwanga. Nimezunguka kote hapa siku zote hizi."

Bibi aliutazama mkono wa mtoto. Akatazama beseni. Akatazama mbavu zangu.

"Nani alikuwa anabadilisha vitambaa?" aliuliza polepole.

Mtoto, katika homa yake, akasema, "Mimi."

Mimi nikafanya jambo lililokuwa mbele yangu. Alikuwa anajikuna, kwa hiyo nilichukua vipande viwili vya ile khanga, vilivyokuwa vimechemshwa upya, nikamfunga viganja kama ngumi, nikakaza mafundo kwenye vifundo vya mikono. Nikampaka shubiri, nikampigia upepo kwa sinia. Nilipoinua macho, baba mdogo alikuwa ameketi sakafuni.

"Nani amekufundisha kufunga hivyo?"

"Hakuna. Ili asijikune."

"Mama yako alikufunga hivyo hivyo," alisema. "Ulikuwa kama huyu, labda mdogo zaidi. Mwaka tuliojenga zizi jipya Kishapu. Tetekuwanga ilipita watoto wote wa kaya. Wewe ulikuwa mkaidi, ulifungua kwa meno, akafunga tena, na akakaa na wewe anaimba. Baba yako alisema umekuwa bondia."

Sikulikumbuka hata kidogo. Nilijaribu, na bado ninajaribu.

Maji yalipopungua tulimbeba mtoto mgongoni kwa zamu mpaka zahanati. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya uchovu. Alimpaka mtoto dawa ya zambarau, kisha baba mdogo akamwomba aniangalie na mimi. Aliangalia magamba, akauliza nani amechora mstari wa udongo. Tukamweleza.

"Bibi yenu amechora pazuri," alisema, "ila hata asingechora, usingevuka. Mishipa ya fahamu inatoka kwenye uti wa mgongo, huku ya kwake, huku ya kwake. Mkanda unafuata mshipa mmoja mpaka unapoishia. Mshipa hauvuki katikati." Alipitisha kidole hewani, juu ya mbavu zangu, kama mdogo wangu alivyofanya. "Na hii ni tetekuwanga yako ya utotoni. Haikutoka. Ilijificha kwenye mshipa, ikalala. Imeamka. Mtoto ameipata kwenye maji ya vidonda vyako."

"Imelala miaka yote hiyo?" niliuliza.

"Yote."

Baba mdogo akauliza lile lililomleta kutoka Kishapu. Aliuliza kwa kuzunguka sana, lakini muuguzi alikuwa ameshazoea mizunguko.

"Mkanda hausemi kwamba anao, hausemi kwamba hana. Ugonjwa ule unaweza kuuamsha mkanda. Kazi ngumu nayo inauamsha, na majonzi, na kula vibaya. Kipimo kiko mjini. Ninachoweza kusema ni kwamba mkanda hauui kwa kukutana, kwa sababu haukutani."

Kipimo hicho nilikuja kukifanya baadaye sana, Shinyanga mjini, nikatoka na majibu mazuri. Siku ile sikuwa nayo. Nilitembea kurudi nyumbani na kitu kingine kabisa kichwani. Nilikuwa nimedhani mama amenipa mkanda kwa kifo chake. Kumbe kile kilichoniunguza kiliingia mwilini mwangu siku zile alipokuwa ananiimbia, kikajilaza ubavuni, kikasafiri nami kutoka Kishapu, kikakaa kimya baba alipozikwa na yeye alipozikwa, kama mtu anayejua yote na hasemi. Nilikuwa nimembeba shahidi wa utoto wangu bila kujua, na yeye alikuwa anakumbuka nisichokumbuka mimi. Nililiogopa jambo hilo, na nililipenda. Hata sasa hali ya hewa ikibadilika, umeme mdogo unapita pale pale chini ya titi la kushoto, na huwa nasimama kidogo kuusikiliza.

Jioni ile bibi aliposimuliwa maneno ya muuguzi alisema tu, "Kwa hiyo aliyechora mpaka wa kwanza ni Mungu. Mimi nilipaka rangi." Akaenda zake.

Basi la kwanza la Kahama lilipita siku ya tatu yake. Baba mdogo alifunga begi asubuhi. Mdogo wangu naye alikuwa amefunga nguo zake, amevaa viatu, ameketi nje ananisubiri nimwambie kwaheri. Baba mdogo alitoka, akamwona, akanigeukia mimi.

"Mtihani wa huyu ni lini?"

"Mwaka huu, baada ya mavuno ya pamba."

"Hujapimwa," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ugonjwa ule sijui kama unao. Hata wewe hujui." Alitazama barabara, ambako kondakta alikuwa anapakia kuku juu ya basi. "Lakini mimi nilikuja kusubiri mtu anayekufa, nikakaa na mtu anayelea. Siwezi kuchukua watoto kwa mtu anayelea. Nikifika nyumbani wataniuliza nilikuona unafanya nini, nitasema nini?"

Akamshika yule wa mwisho mkono, ambao bado ulikuwa umefungwa ngumi. Akautikisa kwa heshima kama wa mtu mzima.

"Atakayekuja kumposa huyu mkubwa," aliniambia, "asije Kishapu kwanza. Aje kwako. Wewe ndiye utakayeniita."

Kisha akapanda. Mdogo wangu alikaa vile vile mpaka basi likapotea, na hata baada ya hapo, viatu miguuni. Nilimwambia atachelewa shule.

"Vitabu viko juu," alisema. "Sifiki."

Nilinyoosha mkono wa kushoto, ule wa upande mbaya, nikavishusha.